Kujifunza Bafa ya Mzunguko Bila Kuunguza Rangi ya Gari

Rangi ikiungua chini ya bafa, ile mashine ya kung'arisha rangi, husikii kitu. Mashine inanguruma vilevile, mkono unakwenda vilevile, na ni pale unapofuta kompaundi, ile dawa kali ya kusugulia rangi, ndipo unauona: mstari wa praima, rangi ya chini kabisa, mweupe, mwembamba kama uzi, unachungulia juu ya mkunjo wa mlango. Nilikutana nao mara ya kwanza kwenye gari jeusi la mtu aliyeniamini, nikiwa sijamaliza hata miezi miwili kazini. Nikaufuta mara tatu nikidhani ni polishi iliyogandia pale. Haukufutika. Mlango ulipigwa rangi upya na bili ikaja kwangu, na tangu hapo sijamruhusu mwanafunzi yeyote aanzie kwenye gari la mteja, hata liwe limechakaa vipi.

Ninayoeleza hapa ni njia ninayowapitisha wanaoanza. Si ya haraka. Aliyezoea ataona nimeweka breki nyingi mno. Na ziwepo, maana mashine yenyewe haina.

Mashine unayoishika

Bafa za rangi ya gari ziko za aina mbili kubwa. Kuna ile ambayo pedi yake, yaani kipande cha sponji au sufi kinachosugua rangi, huzunguka na papo hapo hutikisika nje ya kitovu chake. Hiyo ukiikandamiza kupita kiasi, pedi inaacha kuzunguka na kubaki kutetemeka tu, na ndiyo maana ni vigumu kuunguza rangi nayo. Ya pili, ambayo ndiyo yetu leo, pedi inazunguka kwenye mhimili mmoja, duara lilelile, na nguvu yote ya mota inafika kwenye rangi. Ukiikandamiza haisimami. Inazidi kula.

Kwa kawaida kasi yake huanzia mizunguko 600 kwa dakika na kufika 3,000. Namba hizo hazimwambii mtu kitu mpaka azipigie hesabu. Pedi ya milimita 180 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake unakimbia mita 14 hivi kwa sekunde, yaani kama kilomita 50 kwa saa. Ukipandisha hadi 3,000 unakuwa na kilomita 100 kwa saa chini ya mkono wako. Lakini katikati kabisa ya pedi hiyohiyo, mwendo ni karibu na sufuri. Kwa hiyo ukiilaza bapa, kazi inagawanyika sehemu nzima ya pedi. Ukiiinamisha, uzito wote wa mashine unahamia kwenye kipande kidogo cha ukingo, na hicho ndicho kinachokwenda kasi kuliko vyote. Waanzaji wengi wanaounguza rangi hawakuweka kasi kubwa mno. Waliinamisha bila kujua.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Kuna watu hufunga sponji kwenye grainda ya kukatia vyuma kwa sababu umbo lake linafanana na bafa. Grainda ndogo ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Haijatengenezwa kwa rangi, na hata pedi yenyewe haijatengenezwa kwa kasi hiyo, inaweza kuchanika na kuruka. Kama huna bafa yenye kurekebisha kasi, piga polishi kwa mkono mpaka utakapoipata.

Unacheza na unene gani?

Chukua karatasi ya kawaida ya printa, ishike kati ya vidole viwili. Unene wake ni kama mikroni 100. Rangi yote ya gari lililotoka kiwandani, kuanzia praima mpaka juu, mara nyingi huwa kati ya mikroni 100 na 150. Yaani karatasi moja, au moja na nusu. Klia, lile tabaka angavu la juu ambalo ndilo tu unaruhusiwa kuligusa, mara nyingi huwa mikroni 35 hadi 50. Ndilo linalobeba mng'ao, na ndilo kinga ya rangi dhidi ya jua. Kila ukipiga kompaundi unapunguza mikroni chache ambazo hazirudi. Gari lililokwishapigwa bafa mara tano na watu watano huenda limebakiwa na kidogo sana, na kwa macho huwezi kulitambua.

Kipo kifaa cha kupima unene wa rangi, na nashauri yeyote anayetaka kuifanya hii kuwa kazi akinunue kabla ya kununua mashine ya pili. Pima sehemu kadhaa za kila paneli. Mahali panaposoma chini ya mikroni 80 mimi huwa sipigi kompaundi kabisa. Panaposoma 200 au 300, ujue pamewahi kupigwa rangi upya, labda kuna na puti ya kujazia mabonde chini yake, na usidanganyike kwamba unene huo ni klia: kifaa kinasoma tabaka zote kwa pamoja. Vipimo vya kawaida havisomi juu ya plastiki, kwa hiyo kwenye bampa unabaki na akili yako.

Sasa kuhusu kingo na mikunjo. Rangi ikiwa mbichi hujivuta na kuukimbia ukingo, hivyo hata kiwandani pale juu ya mkunjo huwa nyembamba kuliko kwenye ubapa. Ongeza kwamba pedi ikipita juu ya mkunjo inagusa sehemu ndogo sana, na uzito wote unatua hapo. Mambo mawili mabaya yanakutana mahali pamoja. Mlango wangu ule mweusi uliungulia hapo hapo.

Plastiki nayo ina tatizo lake. Bati la boneti linasambaza joto, unapiga hapa na joto linakimbilia pembeni. Bampa la plastiki halisambazi. Joto linabaki palepale ulipolizalisha, na rangi inalainika na kujikunja kabla hujashtuka. Wiki za mwanzo, bampa na vifuniko vya vioo vya pembeni vipigwe kwa mkono.

Mwisho wa hili: kabla ya kuanza, chukua kitambaa cheupe chenye tone la polishi, sugua kwa kidole mahali palipofichika. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, basi gari hilo halina klia, rangi yake ni ya tabaka moja, jambo la kawaida kwenye magari ya zamani. Linapigika, lakini pedi itachafuka kwa rangi muda wote na utapoteza ile dalili muhimu. Maana kwenye gari lenye klia, siku utakapoona rangi kwenye pedi, klia imekwisha.

Pedi, na kinachoishikilia

Anza na pedi ya sponji ya ugumu wa kati yenye kipenyo cha milimita 150 hivi. Kubwa zaidi zinavuta mkono, ndogo zaidi zinakusanya joto mahali padogo. Ya pili iwe sponji laini ya kumalizia. Pedi ya sufi inakula haraka kuliko sponji, na ajabu ni kwamba mara nyingi inatoa joto kidogo kwa vile nyuzi zake zinapitisha hewa, lakini inaacha michirizi mingi na inamzoesha mwanafunzi ukali kabla hajajua upole. Iache kwa mwezi wa kwanza.

Sahani inayoshikilia pedi lazima iwe ndogo kuliko pedi yenyewe. Ikitokeza pembeni, ukiinamisha kidogo tu ni plastiki ngumu inayosugua rangi. Na ubandike pedi katikati kweli kweli. Mimi huchomoa waya kwenye soketi, nazungusha pedi kwa kidole na kutazama ukingo wake kwa upande. Ukiyumba kama baiskeli yenye rimu iliyopinda, nabandua na kubandika tena. Pedi iliyokaa upande inatetemesha mashine mpaka mikono inakufa ganzi, na mkono wenye ganzi hauhisi kitu.

Mengine yanajulikana: taulo safi za maikrofaiba nyingi kuliko unavyodhani, tepu ya karatasi, miwani ya kinga, barakoa ya vumbi, vizibo vya masikio, taa kali ya kushika mkononi.

Paneli ya mazoezi

Tafuta boneti au mlango uliotupwa. Rangi nyeusi ni bora kuliko zote kwa sababu haifichi kosa. Uwe na mkunjo japo mmoja. Ulaze juu ya vigoda viwili au uufunge imara, usiwe wa kuchezacheza.

Zoezi la kwanza ni kuuharibu. Sitanii. Weka kompaundi kidogo, washa kwa 1,500, simamisha pedi juu ya mkunjo bila kuisogeza, na uhesabu. Kila baada ya sekunde chache zima, futa, gusa kwa kiganja. Utaona klia inavyofifia, halafu pedi inavyochukua rangi, halafu praima. Utanusa ile harufu kali ya rangi iliyopata moto. Kisha rudia kwenye ubapa, uone inavyochukua muda mrefu zaidi. Nimefundisha kwa maneno kwa miaka mingi na nakiri kwamba dakika hizi tano zinafundisha kuliko mdomo wangu. Baada ya hapo mwanafunzi anauheshimu mkunjo bila kukumbushwa.

Zoezi la pili ni kuijua inavyovuta. Bafa nyingi huzunguka kwa mwelekeo wa saa ukizitazama kutoka nyuma ya mashine. Washa kwa 600, pedi ikiwa juu ya paneli yenye kompaundi, shika kwa wepesi. Ikilemea upande wa mbele, ulio mbali nawe, itakimbilia kushoto. Ikilemea upande wa karibu na tumbo lako, itakimbilia kulia. Ikilala bapa sawasawa, inatulia kama imelala usingizi. Mwanafunzi anayepigana na mashine kwa misuli anachoka ndani ya dakika kumi. Yule aliyegundua kwamba anaweza kuiendesha kwa kuiegemeza kidogo huku na huku, anapiga gari zima na kesho yake mabega hayamuumi. Cheza hivyo mpaka uweze kuituliza sehemu moja, halafu kuipeleka kushoto na kulia, bila kukaza viwiko. Kwa wengi huchukua jioni mbili tatu.

Siku ya gari lenyewe

Osha vizuri, kausha. Pitisha kiganja juu ya rangi ukiwa umekivalisha mfuko mwembamba wa plastiki: vijipunje utakavyovihisi ni uchafu uliojikita ndani ya klia, na vinatolewa kwa ule udongo laini wa kusafishia rangi pamoja na maji ya sabuni. Usiuruke hatua hii. Punje moja ya mchanga ikinaswa na pedi, utakuwa unachora duara kwenye rangi kwa kilomita 40 kwa saa.

Gari liwe kivulini na bati liwe limepoa kabisa. Bati lililotoka juani lina joto lake tayari, na wewe unakwenda kuongeza la kwako.

Kisha bandika tepu. Kingo zote za paneli, mikunjo mikali, raba za madirisha, nembo, plastiki nyeusi, vitasa. Tepu hiyo haizuii pedi kabisa, ila inakuonyesha mpaka na inachukua pigo la kwanza. Kunja waipa au zitoe, fungua antena. Bafa ikidaka waipa, hakuna atakayecheka. Niliwahi kuona mpini ukimponyoka mtu mikononi kwa sababu ya nembo iliyokuwa imelegea upande mmoja.

Jikague na wewe. Pete, saa, mkufu, kamba za sweta, shati lililoachwa wazi, nywele ndefu: vyote vitolewe au vifungwe. Mashine hii haisimami ikidaka nguo, inaendelea kuivuta. Bizimu la mkanda ligeuzie upande au uvue kabisa, maana utakuwa unaegemea mlango. Waya upitishe juu ya bega, uning'inie mgongoni, usiburuzike juu ya rangi wala usipite karibu na pedi. Sakafu iwe kavu, na kama una swichi ya umeme inayokata yenyewe pakitokea hitilafu, itumie.

Mkono unavyokwenda

Chagua eneo la majaribio kwenye boneti, sentimita 50 kwa 50, mbali na mikunjo. Weka matone manne au matano ya polishi kwenye pedi, kila moja kama punje ya mahindi. Anza na polishi ya kati, si kompaundi kali. Ikiwa polishi ya kati inatosha, kali ya nini?

Gusisha pedi kwenye rangi mara kadhaa bila kuwasha ili matone yasambae. Sasa, pedi ikiwa imeshika rangi, washa kwa 600. Kamwe usiwashe ikiwa hewani kisha uishushe: itarusha polishi mpaka kwenye kioo cha jirani, na itatua kwa kishindo. Tandaza haraka eneo zima kwa 600, kama unapaka.

Pandisha hadi 1,000 au 1,200. Anzia kona moja, nenda kwa mstari mpaka ukingo wa eneo lako, rudi ukiwa umelalia nusu ya mstari uliopita. Sentimita 50 zichukue sekunde saba hadi kumi hivi. Ukimaliza upana, piga tena kwa urefu, ukiikata ile mistari ya kwanza. Safari nne hadi sita zinatosha. Uzito uwe wa mashine peke yake. Mikono yako kazi yake ni kuongoza na kuiweka bapa. Kwenye mlango uliosimama mashine haikulemei tena, hapo ndipo unaongeza msukumo kidogo, na ndiyo sababu milango ni migumu kuliko boneti.

Tazama ile filamu ya polishi nyuma ya pedi. Mwanzo ni nyeupe kama maziwa yaliyomwagika. Inakuwa nyembamba, inakuwa kama ukungu kwenye kioo, halafu inakaribia kuwa angavu. Ikifika hapo zima, huku pedi ingali juu ya rangi, isubiri isimame, ndipo uinue. Ukiendelea baada ya hapo unasugua kavu. Pedi itaanza kurukaruka, sauti itabadilika kutoka kunguruma kuwa kama kulia, vumbi jeupe litaanza kupanda. Kila moja ya dalili hizo ni ya kuacha, si ya kuongeza polishi ukiwa unaendelea.

Baada ya kila eneo weka kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kukiacha pale kwa sekunde tano, umepita kiasi, nenda upande mwingine wa gari ukapumzishe paneli hiyo. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali ni kizuri, lakini kiganja hakihitaji betri.

Futa kwa taulo safi. Halafu futa tena kwa maji yaliyochanganywa na spiriti ya isopropili, kama sehemu moja ya spiriti kwa tatu au nne za maji. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha, unafurahi leo, wiki ijayo baada ya kuosha yote imerudi. Spiriti inaondoa mafuta na kukuonyesha ukweli. Eneo la majaribio likikuridhisha, ndipo uende kwenye gari zima kwa pedi ileile, polishi ileile na kasi ileile. Lisipokuridhisha, badilisha kitu kimoja tu: polishi kali kidogo, au pedi ngumu kidogo, au kasi hadi 1,500. Mwaka wa kwanza sijui sababu ya kuvuka 1,500.

Kwenye kingo

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuacha sentimita moja kutoka kwenye tepu na kuimalizia kwa mkono. Wenye haraka hawaupendi. Sentimita hiyo haionekani na yeyote isipokuwa wewe.

Ukifikia kiwango cha kuukaribia ukingo kwa mashine, kanuni ni kwamba pedi iwe inatoka kwenye paneli, isiwe inaingia. Pedi inayotoka inateleza na kwenda zake. Inayoingia inauma ukingo, inachimba rangi pale pale palipo pembamba, na inaweza kukurushia mashine. Kwa bafa inayozunguka kwa mwelekeo wa saa, ukingo ukiwa kulia kwako gusa kwa nusu ya mbele ya pedi, kwa sababu hiyo ndiyo inayokwenda kulia. Ukingo ukiwa kushoto, gusa kwa nusu ya karibu nawe. Shusha kasi hadi 800 au chini yake, pita mara moja, ondoka. Ukijikuta unafikiria mara mbili upande upi ni upi, zima kwanza, uizungushe kwa akili, ndipo uwashe.

Vivuli vinavyotembea

Utamaliza, rangi itang'aa gereji, utaitoa juani na kuona mikanda ya mwanga inayotembea kila unaposogea, kama nyuzi zilizolazwa chini ya kioo. Ni michirizi ya bafa. Usishtuke, hiyo ni saini ya mashine hii: kwa kuwa inazunguka duara moja tu, vichembe vya polishi vinakwangua kwa mpangilio, na jua linausoma mpangilio huo. Huzidi pedi ikiwa chafu, ikiinamishwa, au kasi ikiwa kubwa.

Inaondolewa kwa sponji laini safi na polishi nyembamba ya kumalizia, pedi ikiwa bapa kabisa, kasi 1,000, na safari mbili za mwisho ukishuka hadi 600 huku ukipunguza uzito mpaka mashine iwe kama inaelea. Kwenye rangi nyeusi laini inaweza kugoma hata hivyo. Hapo mimi namalizia kwa ile mashine nyingine inayotikisika, na sioni haya. Kazi inakaguliwa kwenye jua, haikaguliwi kwa idadi ya mashine ulizotumia.

Ila mkwaruzo usiukimbize. Pitisha ukucha juu yake kwa upole: ukikwama, mkwaruzo huo una kina kikubwa kuliko unachoweza kuondoa salama. Lainisha kingo zake kidogo kwa polishi upungue kuonekana, halafu mwambie mwenye gari kwamba uliobaki utabaki.

Na siku ile pedi ikirudi na rangi, zima hapo hapo. Hakuna polishi inayorudisha klia iliyokwisha, kila sekunde unayoongeza inapanua doa. Piga picha, mwite mwenye gari aje aone kabla hujafuta chochote kingine. Nilipomwita wangu, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama milango mingine ni mizima. Nilishukuru kwamba niliweza kujibu.

Kabla hujaondoka

Pedi isafishwe wakati wa kazi, si baada yake tu. Kila baada ya maeneo mawili matatu, washa kwa kasi ndogo, elekeza pedi mbali na gari na watu, na uipitishie brashi ya nailoni ngumu kutoka katikati kwenda nje. Polishi iliyokauka ndani ya sponji huongeza joto na michirizi. Pedi tatu nne za kupokezana ni nafuu kuliko pedi moja iliyojaa.

Jioni zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zikamue bila kuzisokota, zianike zikitazama chini kivulini. Toa tepu zote usiku huohuo, maana gundi yake ikipata jua la kesho inang'ang'ania. Na bafa usiilaze juu ya pedi. Bandua pedi, au uigeuze itazame juu, kwa sababu sponji iliyolaliwa na mashine usiku kucha huamka na upande mmoja bapa, na asubuhi itaanza kutetemeka mkononi hata kabla hujagusa gari.